Mashine Iliyofunzwa Kuitika Hodi

Uingereza,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Mama,

Shikamoo. Mkono wako nnaubusu hapa karatasini kwa kuwa wenyewe siufikii. Na wewe Mjomba, shikamoo, maana nnajua ndiye unayesoma, umekaa ngazi ya pili penye mwanga na miwani yako iliyofungwa uzi. Nnasema mapema kabisa: soma kila neno kama lilivyo. Barua iliyopita uliruka, na Mama alikugundua, kwani alimwandikisha Bi Salama jirani kuniuliza mbona sikumjibu habari ya kifua chake. Nlijibu, Mjomba. Uliruka kwa kuwa ukurasa ule ule ulikuwa na maneno yako.

Haya, kifua vipi, Mama? Ile dawa ya mkaratusi unajifukiza, au unaiweka kabatini ikuangalie? Na mguu je, ngazi unazipanda? Nliskia mvua za mwaka huu zimeubomoa ukuta wa upande wa Malindi, nikawa na wasiwasi na dari yetu ya boriti, mpaka Bi Salama akanitoa hofu kuwa fundi kashapita. Alhamdulillahi. Na habari za foleni ya mchele pia nnazo. Usiende mwenyewe alfajiri na kifua hicho. Mjomba yupo, ana miguu miwili, na akifika kwenye foleni atapata watu wa kuzungumza nao siasa.

Mimi mzima. Baridi ya huku haielezeki, vidole vinavimba na kuwasha, lakini nshaizoea. Karafuu alizoniletea Mama Mdogo kutoka Kidichi bado zipo, nnatia moja moja kwenye chai kwa uchoyo mkubwa, na kila mtu katika nyumba hii ananiuliza harufu gani hiyo.

Sasa skiza, Mama. Nnalitanguliza ili usikae roho juu mpaka mwisho wa barua: nimeshinda. Wameniweka. Chumba chetu cha kazi hapa chuoni hakifungwi na mimi sirudishwi. Mjomba, rudia sentensi hiyo, na safari hii polepole, kwa sauti.

Sasa ntakuhadithia tokea mwanzo, kwani najua utataka kuwahadithia wenzako, na sitaki mtu akuulize kitu ukakosa jawabu.

Unaikumbuka siku ya Iddi, mwaka nliotoka. Tumeshakula, sahani hazijaondoshwa, Mjomba akasema mbele ya ukoo mzima, "Kuchora! Mtoto wa kike anavushwa bahari kwenda kuchora! Kuchora hakujajenga ukuta hata mmoja." Watu wakacheka. Na wewe, ambaye husemi mbele ya wanaume, ukainuka pale penye mkeka ukasema, "Ruzuna hatorudi mikono mitupu. Akirudi mikono mitupu, mimi nitamwomba radhi kila mmoja wenu humu ndani, mmoja mmoja." Nlikuwa nyuma ya pazia. Nliyaskia. Tangu siku ile nnatembea na maneno yale, Mama, nayo yalikuwa mazito kuliko sanduku nililobeba.

Halafu mwaka huu Mjomba akaniandikia. Ukisha mwaka wa masomo, kama hao Wazungu hawana kazi ya maana ya kunipa, kazi yenye jina linalotamkika, basi nirudi, skuli ina nafasi ya mwalimu wa kuchora ramani. Simlaumu. Wajibu wake. Lakini nlipoisoma nliona sahani za Iddi, na wewe unazunguka mtu mmoja mmoja ukiomba radhi, na usingizi ukanikimbia.

Sasa kazi yenyewe. Katika chuo cha huku kuna kompyuta, mashine ya hesabu. Usidhani kitu cha mezani. Inajaza ukumbi wetu na chumba cha wageni, na ina makabati, na inapulizwa hewa ya baridi, nchi yenyewe baridi hivi! Mashine ni moja, lakini watu wanaoitumia wengi, kila mtu yuko chumbani kwake na taipureta au kioo cha kuonyesha maandishi, na wote wanaiuliza kwa pamoja. Ni kama wewe jikoni siku ya kufuturisha: huyu anataka maji, huyu tende, huyu kahawa, na mikono ni ile ile miwili. Basi lazima watu wangoje.

Na ndipo palipo na taabu. Watu wa huku hawajui kuingoja mashine. Mtu anabonyeza kitufe, mashine kimya. Anabonyeza tena. Anabonyeza mara chungu nzima, anapiga meza, anatukana, anaondoka, na nyuma yake mashine inatoa jawabu kwa chumba kitupu. Kuna wataalamu kazi yao kuchunguza jambo hili tu: mtu na mashine wataelewana vipi. Wanaongozwa na Profesa mmoja mrefu, mkali, mwenye mvi, asiyesema neno la ziada. Chini yake yuko Dokta Whitlow, mcheshi, hatembei bila saa ya kupimia, anapima watu wanangoja muda gani kabla ya kukata tamaa.

Whitlow ndiye aliyesema, "Tuwalete wasanii." Alisema wao wataalamu wamemkalisha mtu kwenye chumba cheupe na kiti na mashine, wamempima mpaka basi, na hawakujifunza zaidi ya kuwa anachukia kungoja. Labda msanii atauliza suala jengine. Profesa akakubali shingo upande. Akatupa chumba kimoja na mwaka mmoja, na akasema ukisha mwaka, wakubwa wa chuo watakuja kutazama. Wakiona ni mchezo, chumba kinarudi kwa watu wa hesabu. Tulikuwa watatu tokea skuli yetu ya sanaa. Wawili waliondoka kabla hata miti haijapukutisha majani, mmoja akisema mashine inamuumiza kichwa, mwengine kapata kazi ya kupaka mabango. Nikabaki peke yangu, na fikra yako, Mama, na sahani za Iddi.

Si peke yangu hasa. Yuko Jean, binti wa rika langu, ndiye anayeiandikia mashine amri zake. Bila Jean mimi ni mchoraji anayezungumza na makabati. Anavuta sigara kama dohani na ana roho nyeupe.

Basi mimi miezi ya mwanzo sikuchora kitu. Nlikaa nikawatazama watu wanavyoingoja mashine. Siku moja nikamwambia Jean, "Hawa hawana adabu na mashine, na mashine haina adabu nao. Wanaiingilia bila ya hodi, na yenyewe haiwaitikii." Jean akauliza hodi ni nini. Nikamweleza: kwetu mtu haingii, hata kwa dada yake. Anasimama pembeni ya mlango, si mbele, asije akachungulia, anaita hodi. Kimya. Anangoja. Anaita tena. Kimya. Haudhiki, kwani anajua mwenye nyumba labda anatafuta kanga ya kujitanda, labda anasali. Mara ya tatu, asipoitikiwa, anakwenda zake, hana kinyongo. Jean akaizima sigara. "Yaani mnajua kungoja," akasema.

Hapo nikajenga mlango. Mafundi seremala wa chuo wakanisaidia. Whitlow, masikini, alitaka misumari ya shaba na maua ya kuchongwa, maana Mzungu akiskia Unguja anataka mlango wa sultani. Nikamwambia sisi hatukai kwenye jumba la sultani, mlango wetu wa mbao za kawaida na mnyororo, na barza ya kukalia pembeni. Nyuma ya mlango ni chumba chenye kioo cha ile mashine na kalamu yake ya mwanga. Ukiingia unachora mstari mmoja kwenye kioo, na mashine inauchukua mstari wako inaufuma uwe mkeka, ukili juu ya ukili, halafu inaupiga chapa karatasini, kila mtu na mkeka wake. Ule mkeka ndio sanaa niliyoionea fahari. Kabla ya kuingia, mgeni agonge, na mashine iwe inajitayarisha, na ikiwa tayari mlango ufunguke wenyewe.

Nami nikamwambia Jean, mashine isiitikie hodi ya mwanzo. Wala ya pili. Iitikie ya tatu. Iwe na haya zake, iwe na staha.

Ebo! Siku ya kuwaonyesha watu wa idara mara ya kwanza, niliadhirika. Mzungu anagonga mara moja. Moja tu! Halafu anangoja kama pumzi mbili, anatazama kushoto na kulia, anaondoka. Wa pili akagonga, akasukuma, akapachika jicho kwenye ufa. Wa tatu akasema, "Haifanyi kazi," akaenda kunywa chai. Mpaka jioni mashine yangu imekaa ndani peke yake na mkeka wake, hakuna aliyefika hodi ya tatu. Na kabla ya kufunga, mtu akabandika karatasi mlangoni: MBOVU.

Profesa alipita, akaisoma ile karatasi, akanitazama. Akaenda zake. Bora angenigombeza.

Nikagombana na Jean. Nlimwambia watu wa kwao hawana subira, wameumbwa na haraka. Jean hakukasirika. Akasema, "Ruzuna, kimya chako kina maana Unguja. Hapa kimya ni kimya tu." Nikamjibu vibaya, nikaenda nyumbani, nikalia mpaka macho yakawa kama ya samaki wa juzi. Ndo zile wiki ambazo hamkupata barua. Ningeandika nini? Mjomba angesoma vizuri sana siku ile, asingeruka hata nukta.

Sasa ngoja uone Mungu anavyofungua. Nnakaa kwa mama mmoja mtu mzima, Bi Dobson, mjane, nyumba ina ngazi ya mbao nyembamba. Mimi bafuni navaa ile mitalawanda uliyonitilia sandukuni, viatu vya mti, maana sakafu ya huku inauma miguu kwa baridi. Asubuhi moja nashuka nayo, ko, ko, ko, nikamkuta Bi Dobson ameshanimiminia chai. Nikamuuliza, "Umejuaje kama nnakuja?" Akacheka. "Mwanangu, nnaisikia miguu yako tokea juu. Ukifika katikati ya ngazi natia majani. Siku ukichelewa nakaa nikakungoja, kwa sababu najua upo njiani."

Mama, nlisimama na kikombe mkononi kama nimepigwa na butwaa. Kumbe hata kwetu si kimya! Mimi nlizaliwa katika sauti ile, nikawa siiskii tena. Mgeni akiita hodi chini kwetu Kiponda, wewe upo juu kabisa, hujamjibu bado, lakini ushavaa mitalawanda, na ngazi inaanza kusema. Ko, ko, ko. Yule wa mlangoni anajua upo ngazi ya ngapi. Anajua mguu ukikuuma siku hiyo. Ndo maana anangoja! Si kwa kuwa watu wetu wana subira ya mitume. Mimi nimeichukua adabu nzima nikaileta Ulaya, nikaacha nyumbani kile kinachoifanya ibebeke. Nikacheka peke yangu mpaka Bi Dobson akanishika paji la uso kunipima homa.

Nlikwenda moja kwa moja kwa Jean, nikamwomba radhi, halafu nikapanda na kushuka ngazi za chuo na mitalawanda huku ananirikodi kwenye tepu, na maprofesa wanatoa vichwa milangoni. Nikadhani kazi imekwisha: mtu akigonga, tepu ilie, miguu ishuke, mlango ufunguke. Jean akakataa katakata. "Huo uongo," akasema. "Mashine ikiwa imekwama, miguu itaendelea kushuka, na hatofika mtu. Utawafanyia hivyo mara moja tu, ya pili hawatokuamini." Na kweli. Nani anapiga kelele ngazini huku amekaa kitako? Basi akaiandikia amri mpya, kazi iliyomkeshesha wiki nzima: mashine kila ikimaliza kipande cha kazi yake, kweli kimekwisha, ndipo uskike mguu mmoja. Kazi ikienda mbio, miguu inakuja mbio. Ikilemewa, miguu inajikokota. Hakuna ko isiyokuwa na kazi nyuma yake.

Whitlow akaja na saa yake. Akawaita watu waliokuwa wakitukana mashine, akawasimamisha mlangoni. Mtu anagonga. Ko. Mtu anainua kichwa. Ko, ko. Anatabasamu, anakaa barzani, hakuna aliyemwambia akae. Whitlow akaitazama saa, akaitikisa skioni, akadhani imesimama.

Siku ya wakubwa ikafika. Nlisali rakaa mbili za haja, nikavaa kanga juu ya sweta, nikaenda kusimama karibu na mlango wangu. Walikuja wengi, nguo nyeusi, nyuso za kutathmini. Mkubwa wao mzee mnene mwenye fimbo na kofia, nliambiwa hana subira na lolote, na ndiye mwenye kauli ya mwisho. Profesa alisimama nyuma, mikono mgongoni. Na kwa nuksi, siku ile ile mashine ilikuwa na kazi za chuo kizima. Jean alikuwa chumba cha makabati, nkajua tu ana jasho.

Yule mzee akagonga kwa fimbo. Ko. Halafu kitambo. Ko. Halafu kitambo kirefu. Nikaomba Mungu. Mzee akainamisha kichwa kuskiza, akasema, "Leo bibi amechoka." Watu wakacheka kidogo. Akakaa barzani, kofia juu ya goti. Ko. Wenzake nao wakasogea, wengine wakaegemea ukuta, wakaanza mazungumzo yao kama watu wa Ijumaa wanaongoja kahawa. Whitlow anaonyesha saa yake kwa Profesa, macho yamemtoka.

Halafu miguu ikakoma.

Kimya. Kimya kabisa, Mama. Mashine imekwama kweli, na mimi sikuweka sauti yoyote ya mtu aliyekwama ngazini. Nikaona karatasi ya MBOVU, nikaona skuli na ramani, nikakuona wewe unatoka kwa mtu huyu unakwenda kwa yule. Profesa akanyoosha mkono kuukamata mlango aufungue mwenyewe, amalize aibu.

Yule mzee akamzuia kwa fimbo. Akainuka pale barzani, akasogea pembeni ya mlango, wallahi pembeni, si mbele, akapaza sauti kwenda juu: "Uko salama huko?"

Aliyasema kwa mashine, Mama! Mzee mzima, mkubwa wa chuo, asiye na subira na lolote. Alipojiskia mwenyewe aliyoyasema akageuka mwekundu kama pilipili, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye akacheka zaidi yao, mpaka akashika ubavu. Na katikati ya kicheko hicho, ko. Jean kaikwamua! Ko, ko, ko, ko, miguu ikaja mbio kama mtu anayetaka kuomba msamaha kwa kuchelewa, mnyororo ukalia, mlango ukafunguka. Mzee akavua kofia, ambayo alikuwa keshaivaa tena, akaingia. Alipotoka ameshika karatasi ya mkeka wake mkononi, na hakumpa mtu aitazame.

Hapo Profesa akasema mbele ya wote. Nayaandika kama alivyoyasema: "Muda wote huu tunataka kuifanya mashine iende haraka zaidi. Ntaendelea kulitaka hilo. Lakini mtu huyu aliyesimama mlangoni alitaka kwanza kujua kama kuna mtu ndani, na kama anakuja. Hilo hatukulipima kwa sababu hatukulifikiria, na tusingelifikiria bila ya chumba hiki." Whitlow akapiga makofi peke yake, halafu wote wakapiga. Mimi, Mama, nikapiga kigelegele. Kilinitoka tu. Wazungu wakaruka.

Na hayakuishia kwenye makofi. Sasa Jean na wenzake wanazitilia mashine zote za chuo alama ya kuonyesha kuwa kazi inaendelea, nyengine mlio, nyengine kitaa kinachosogea kwenye kioo kila kipande kinapokwisha. Si kila mtu atafanyiwa mitalawanda, lakini kila mtu ataambiwa: jawabu lipo kwenye ngazi, linakuja. Whitlow anaandika matokeo ya kupima kwake, na majina yetu matatu yatakaa juu, la Jean, lake na langu. Chumba kinabaki. Na mimi nimepewa kazi kwa miaka mitatu, kazi yenye jina linalotamkika, Mjomba: Msanii Mtafiti. Litamke. Kabla ya kuanza wananipa likizo, na inshallah kabla ya Ramadhani ntakuwa Unguja, ntakaa nanyi mwezi mzima, ndipo nirudi. Ila sitotia saini mpaka nipate radhi yako, Mama. Wao wametaka jawabu, nikawaambia mlango wa kwetu uko mbali kidogo, wangoje. Whitlow akasema hawana neno, ilimradi waskie miguu.

Jambo moja ntakuambia wewe tu, Mjomba azibe maskio huku anasoma. Profesa alibaki nyuma siku ile watu waliposhaondoka. Akaniuliza, "Miguu ile ya nani?" Nikamwambia ni yangu, nliirikodi mwenyewe. Akasema, "La. Mtu mwenye umri wako hashuki ngazi vile. Huyu kila hatua anaweka mguu mmoja kwa uzito, kisha anauvuta wa pili." Ndipo nlipofahamu, Mama. Nliposhuka zile ngazi nlikuwa nashuka kama unavyoshuka wewe. Sikukusudia. Nikamwambia ni miguu ya mama yangu. Akainamisha kichwa kidogo, akasema nikusalimu sana, na kwamba amefurahi kukungoja.

Nisalimie Bi Salama mwandishi wako, umwambie hati yake inasomeka kuliko ya watu wengine wenye miwani. Nisalimie Mama Mdogo wa Kidichi, karafuu zikipatikana nazitaka. Nisalimie kaka yangu Seif na mkewe huko Chukwani, mtoto wao nshamfumia kofia, na kama kichwa kimekua na waniambie. Nisalimie Mzee Haji fundi wa dari, na shoga zangu wote tuliosoma nao Kurani chuoni kwa Maalim, na huyo Maalim mwenyewe mpe mkono kwa niaba yangu.

Wewe Mjomba salamu zako nimeziweka mwisho makusudi. Sina ugomvi na wewe. Ulinipeleka skuli mkono kwa mkono Baba alipofariki, na sijasahau. Lakini siku ile ya Iddi Mama aliweka uso wake chini mbele ya wanaume kwa ajili yangu, akasema nikirudi mikono mitupu atawaomba radhi nyote. Sasa umesoma kwa mdomo wako, na unajua mikono yangu ikoje. Basi ishushe karatasi hii. Vua miwani. Mgeukie dada yako hapo alipo, mwambie, "Dada, wewe ulijua, mimi sikujua. Niwie radhi." Usinong'one, kifua chake kinamziba maskio.

Na ukishamwomba, na yeye akishakuitika, hapo ndo uichukue tena barua ulisome jina langu.

Mwanao, Mama,
Ruzuna